Usimuulize Kama Amesamehe

Ukifungua faili lolote katika ofisi ya probesheni hapa Kenya, ile inayomchunguza mkosaji kabla ya hukumu na kumwangalia akipewa kifungo cha nje, jina utakalolikuta kwenye jalada ni la mkosaji. Ndani mna maisha yake yote: alizaliwa wa ngapi, aliacha shule darasa la ngapi na kwa nini, baba alikuwa mlevi au alikuwa mtu wa msikiti, anavuta nini, anauza nini, mkewe anasemaje, jirani anasemaje, chifu anasemaje. Nimeandika ripoti za namna hiyo kwa miaka mingi katika mahakama za huku Pwani, na niliipenda kazi ile. Kumjua mtu kwa undani kabla hakimu hajaamua kumfunga au kumpa kifungo cha nje ni kazi ya heshima. Lakini sheria iliyotuweka kazini, iliyotungwa enzi za mkoloni mwaka 1943, inamzungumzia mkosaji tangu jina lake hadi kifungu cha mwisho. Aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyefiwa, hana faili. Yeye ana aya.

Aya hiyo huja karibu na mwisho wa ripoti, baada ya elimu, afya, dini na mienendo. Mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kesi. Nimezisoma nyingi mno, na nyingi hufanana: "Mlalamikaji bado ana uchungu ila hana pingamizi." "Mlalamikaji alitafutwa kwa simu, hakupatikana." "Mlalamikaji ameiachia mahakama." Mtu amefanyiwa jambo ambalo huenda ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kumpata, na serikali imelimaliza kwa maneno matano.

Wenzangu walio kazini watasema nazidisha. Wapo maofisa wazuri, nawajua. Ila tabia ya kazi yenyewe inatuvuta upande mmoja. Mkosaji unamwona kila mwezi. Anakuja ofisini, anatia sahihi, anakueleza mtoto wake ameingia kidato cha kwanza, anakuletea maembe msimu ukifika. Amri ya uangalizi hukaa kati ya miezi sita na miaka mitatu, na katika muda huo mtu anakuwa kama wa nyumbani. Akifaulu, umefaulu wewe. Mwathiriwa unamwona mara moja, siku unayohitaji kitu kutoka kwake. Huruma basi hufuata njia ya mazoea, na mazoea yetu ni na yule aliyekosa.

Nami simlaumu mtu kwa kumhurumia mkosaji. Bila huruma hiyo kazi haifanyiki. Ninacholalamikia ni swali moja tulilolizoea, tunalolibeba kutoka kijiji hadi kijiji tukidhani ni swali la upole: "Mama, umemsamehe?"

Huku kwetu swali hilo lina uzito wa dini na wa jirani. Ukimuuliza mtu mbele ya watu kama amesamehe, umeshamwonyesha jibu la mtu mwema ni lipi. Akisema ndiyo, utaandika hana pingamizi na kijana atarudi nyumbani. Akisema hapana, basi yeye ndiye aliyemfunga, na ukoo mzima utajua. Uamuzi ambao hakimu analipwa mshahara kuubeba umehamishwa kimyakimya ukawekwa mapajani mwa mwanamke aliyekaa mkekani. Na hakuna aliyemwambia kwamba jibu lake si hukumu, kwamba hakimu anaweza kuamua tofauti kabisa.

Nakumbuka kikao kimoja nje kidogo ya Mariakani. Mwanamke alikatwa panga mkononi na shemeji yake kwa ugomvi wa minazi. Mzee wa mtaa alikuwa ameshaandaa baraza chini ya mkorosho kabla sijafika: mama mkwe, mume, wazee watatu, na mshtakiwa mwenyewe aliyekuwa nje kwa dhamana amekaa pembeni ameinamisha kichwa. Mzee hakuningoja. Alimgeukia yule mama akamuuliza mbele yetu sote, "Haya mwanangu, huyu ni ndugu yenu, shetani alimpitia. Umemsamehe?" Mama akajibu, "Mimi sina neno." Watu wakapumua. Mzee akanitazama kama anayesema, umesikia, andika.

Sikuandika. Niliomba maji ya kunywa, na alipoinuka kwenda jikoni nikamfuata. Alichota kwa mkono wa kushoto. Kata ilikuwa inamponyoka, maji yakamwagika kwenye kanga. Wa kulia ulikuwa umelala ubavuni, vidole viwili havikunji. Alinieleza bila hasira kwamba hawezi kukuna nazi, hawezi kukamua nguo, na binti yake wa darasa la sita ndiye anayepika sasa, kwa hiyo asubuhi huchelewa shule. Kisha akasema, "Wazee wameniuliza moyo. Mkono hakuna aliyeuliza."

Tulikaa jikoni kwenye vibao vya mbuzi tukazungumza kwa muda. Hakutaka shemeji afungwe. Hilo lilikuwa kweli, hakuwa anaogopa tu. Shemeji alikuwa na watoto wanne, na mama alijua nani angewalisha. Alichotaka ni nauli ya kwenda hospitali ya kaunti kufanyishwa mazoezi ya mkono, asimwone yule bwana akipita ile njia ya kisimani asubuhi anapokuwa peke yake, na ajulishwe kifungo cha nje kikimalizika lini. Yote matatu yanaandikika. Mahakama ina uwezo wa kuweka masharti katika amri ya uangalizi, na ina uwezo wa kuamuru fidia. Ila hakuna moja kati ya hayo lingetoka chini ya ule mkorosho, kwa sababu swali la msamaha hujibiwa kwa neno moja na likishajibiwa kikao kimekwisha.

Tangu 2010 sheria haijanyamaza juu ya watu hawa. Katiba, Ibara ya 50(9), inalitaka Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa na kutunza haki na maslahi yao, na sheria hiyo ikapatikana mwaka 2014. Inasema mwathiriwa atendewe kwa heshima, apewe habari, na asikilizwe kabla adhabu haijatolewa kuhusu jinsi kosa lilivyomuumiza. Kwenye karatasi tuko vizuri. Shida ni kwamba haki ya kupewa habari inahitaji mtu wa kuzipeleka, na kwa vitendo huyo mtu hajulikani ni nani. Polisi husema kesi ikishafika mahakamani si yao. Kiongozi wa mashtaka ana rundo la kesi mezani. Magereza humwangalia mfungwa. Anayebaki mwenye sababu ya kupanda pikipiki hadi kijijini ni ofisa wa probesheni, na yeye ametumwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Jambo hili lilituangukia kwa uzito wote baada ya tarehe 14 Desemba 2017. Siku hiyo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu, ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Ulikuwa uamuzi mzuri. Sijawahi kuona faida ya jaji aliyefungwa mikono. Lakini matokeo yake ni kwamba wafungwa kutoka gereza la Shimo la Tewa hadi la Kamiti wakaanza kurudi mahakamani kuomba wahukumiwe upya, wa mauaji na hata wa wizi wa mabavu, mpaka mahakama hiyo hiyo ilipofafanua Julai 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Na kila aliyerudi, jaji aliomba ripoti. Ripoti maana yake ni sisi kwenda kuwatafuta watu waliofiwa miaka kumi, kumi na tano iliyopita.

Huko Kaloleni nilimtembelea mama mmoja aliyeuliwa mtoto wake wa kiume. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kiti, akaanza kuniuliza habari za njia kama ilivyo desturi. Nilipomweleza nimetoka mahakamani kuhusu yule bwana aliyemuua mwanawe, aliacha kupepeta mchele.

"Kwani hajanyongwa?"

Alikuwa mahakamani siku ya hukumu. Alimsikia mkalimani akitafsiri kwa Kigiriama kwamba mtu huyo atanyongwa hadi afe, akarudi nyumbani, akazika jambo hilo pamoja na mwanawe. Serikali haikumwambia neno jingine hadi siku niliyofika mimi. Hakujua kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Hakujua kwamba mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wote waliokuwa wakingoja kitanzi, zaidi ya watu 4,000, wakawa wafungwa wa maisha. Uhuru Kenyatta akafanya hivyo tena mwaka 2016 kwa wengine 2,747. Magazeti yaliandika, mashirika ya haki za binadamu yakapongeza, nami nilipongeza pia. Sikumbuki kuona popote mpango wa kuwaarifu wazazi na wajane. Kwa hiyo mama huyu alipokea habari za mwaka 2009, za 2016 na za 2017 zote asubuhi moja, kutoka kwa mgeni mwenye bahasha ya kaki.

Fomu ilinitaka nichukue maoni yake. Shemeji yake, aliyekuja mbio aliposikia kuna watu wa serikali, alitaka nimalize hapo hapo: "Andika hatutaki, basi." Nilifunga bahasha. Mtu aliyegundua dakika tano zilizopita kwamba muuaji wa mwanawe yu hai hana maoni bado, ana mshtuko. Nikamwachia nambari yangu ya simu kwa binti yake, nikamweleza polepole kesi imefika wapi, jaji ataamua nini na hawezi kuamua nini, na tarehe ya kutajwa tena ni lini. Kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Niliporudi wiki zilizofuata nilimkuta na maswali, na hayakuwa yale ya fomu. Alitaka kujua kama yule mtu amezeeka. Alitaka kujua kama ana watoto na nani aliwalea. Akauliza mwisho, akiwa ameshika ungo, "Mwanangu alisema nini? Wakati ule. Si alikuwa naye peke yake." Swali hilo hakuna hakimu, daktari wala askari aliyewahi kulijibu, kwa sababu si ushahidi wa kitu chochote. Jibu lake liko kwa mtu mmoja tu duniani.

Nililipeleka Shimo la Tewa. Ripoti ya mfungwa yule ilikuwa nzuri sana: fundi seremala, amefanya mitihani, anaongoza kwaya, maofisa wa gereza wanamsifu. Aliniambia mara kadhaa kwamba anajuta. Nilipomuuliza swali la mama alikaa kimya, kisha akasema alikuwa amelewa, hakumbuki. Pengine ni kweli, pengine ni mlango ameufunga. Nilimrudishia mama jibu hilo kama lilivyo, bila sukari. Alifikiri kidogo akasema, "Basi liandike hilo. Kwamba ameulizwa, na hakumbuki." Nikaliandika kwa maneno yake. Katika mwongozo wake wa Julai 2021, Mahakama ya Juu imetaja miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa athari za kosa, kimwili na kiakili, kwa familia ya aliyeuawa, ikiyaweka pamoja na umri wa mkosaji, majuto yake na uwezekano wa kujirekebisha. Sentensi ya mama ilistahili kukaa humo kuliko aya yangu yoyote ya "familia bado ina uchungu".

Kuna kesi ambazo hata kufika kwa mtu ni hatari. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliweka vifungo vya chini kabisa kwa wanaowanajisi watoto: mtoto wa miaka kumi na mmoja kushuka chini ni kifungo cha maisha, wa kumi na miwili hadi kumi na mitano ni miaka isiyopungua 20, wa kumi na sita na kuendelea ni miaka isiyopungua 15. Baada ya 2017 wafungwa wengi wa makosa haya nao waliomba kupunguziwa, na zipo mahakama zilizokubali, mpaka Mahakama ya Juu iliposema mwaka 2024 kwamba vifungo hivyo vya chini vibaki kama Bunge lilivyoviweka. Katika ile miaka ya katikati tulitumwa kuwatafuta wasichana waliotoa ushahidi wakiwa na sare za shule ya msingi. Sasa ni wanawake. Wengine wameolewa mbali, na mume hajui, na mama mkwe hajui, na hawana sababu yoyote ya kujua.

Fikiria jinsi tunavyofika kwa kawaida. Tunamwandikia chifu barua. Chifu anampigia mzee wa Nyumba Kumi. Mzee anauliza sokoni, "Nyumba ya fulani ni ipi, anatafutwa na mahakama?" Kisha linaingia gari la serikali lenye namba za GK na linapaki mlangoni, watoto wanalizunguka. Kabla ofisa hajashuka, siri iliyotunzwa miaka kumi imekwisha. Halafu tunaandika kwamba mwathiriwa alihojiwa nyumbani kwake na alitoa ushirikiano.

Nilifundishwa na ofisa mwenzangu wa kike, aliyekuwa mkubwa wangu kikazi, njia nyingine. Gari liachwe barabara kuu. Barua kwa chifu isitaje kesi. Aendaye awe mwanamke, amevaa kama wanawake wa pale wanavyovaa, na asiende nyumbani kama kuna njia ya kukutana kliniki siku ya kupima watoto, au kwa fundi cherehani, mahali ambapo wanawake wawili wakizungumza hakuna anayegeuza shingo. La kwanza la kumwambia ni kwamba ana ruhusa ya kutozungumza. Wengi walitumia ruhusa hiyo. Mmoja alimsikiliza mwenzangu mpaka mwisho, akamshukuru, akamfunga mtoto mgongoni akaondoka. Mwenzangu aliandika: "Amepewa habari. Hataki kushiriki, na ni haki yake." Linganisha na "hakupatikana". Maneno haya mawili hayana undugu. La pili linamfanya mwanamke aonekane hajali. La kwanza linamwambia jaji kwamba kimya kile kimechaguliwa.

Wala tusidhani wenye fedha wamelimaliza jambo hili. Uingereza ina maofisa maalumu wa kuwasiliana na waathiriwa wa makosa ya ukatili na ya kingono, na mwathiriwa anaweza kusoma maelezo yake mbele ya Bodi ya Parole, inayoamua kama mfungwa anaweza kuachiliwa. Pamoja na hayo, Januari 2018 ilipotangazwa kwamba John Worboys, dereva wa teksi wa London aliyewalevya na kuwashambulia wanawake, angeachiliwa, baadhi ya wanawake hao walizipata habari hizo kwenye vyombo vya habari kama mtu mwingine yeyote. Wawili kati yao waliupeleka uamuzi huo mahakamani, na Machi mwaka huo ukabatilishwa. Mwenyekiti wa bodi akajiuzulu. Naitaja kesi hiyo kila ninapoambiwa tatizo letu ni bajeti peke yake. Bajeti ni tatizo, naam. Lakini wale walikuwa na bajeti.

Sisi Kenya hatuna bodi ya parole kama ya Tanzania, ambako sheria yake ilitungwa 1994. Kinachokaribiana nacho ni kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha chini ya Ibara ya 133 ya Katiba, na huko tena ofisa wa probesheni huandika ripoti. Ibara hiyo inasema kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Inaweza. Nimeiona "inaweza" hiyo ikifanya kazi: mwaka ambao gari lina mafuta inaweza, mwaka ambao halina haiwezi.

Nirudi kwa mkosaji kidogo, kwa sababu kumjali mwathiriwa kunabadilisha pia jinsi ya kumrekebisha yeye. Majuto tunayoyasikia ofisini yana lugha yake: shetani alinipitia, nilikuwa nimelewa, ni ujana, nimemwomba Mungu msamaha na amenisamehe. Hayo yote yanaweza kuwa kweli na bado yule aliyeumizwa hamo. Nilikuwa na kijana aliyevunja duka la mjane akaiba mitungi ya gesi na vocha za simu. Alijuta vizuri sana, mpaka nikachoka. Siku moja nikamwambia aache kunieleza usiku ule, anieleze asubuhi yake. Nani aligundua? Alifungua mlango saa ngapi? Alimwambia nini mtoto aliyekuwa akingoja nauli ya shule? Kufuli jipya linauzwa pesa ngapi? Gesi ile alikuwa ameilipia au aliichukua kwa mkopo? Hakuwa na jibu hata moja. Nikamtuma akatafute bei ya kufuli na ya mlango wa mbao kwa fundi, akarudi na karatasi ya mahesabu, na huo ndio mwezi wa kwanza alioongea kama mtu aliyefanya jambo kwa mtu. Fidia aliyolipa kidogo kidogo kupitia mahakama ilitokana na karatasi ile.

Bado kuna mahali ambapo haya yote hunishinda. Kilifi ina wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Ni jambo la miaka mingi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia makwao wakiwa hai. Mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba, na nyuma ya panga kuna mtoto au mpwa. Ukienda kuandika ripoti, familia ya marehemu na familia ya mshtakiwa ni ile ile, imekaa kwenye mabenchi yale yale. Utaambiwa hawana pingamizi, na utaambiwa kwa sauti moja. Jamii? Haina pingamizi pia. Baadhi yao waliona afadhali. Fomu imejaa, kila kisanduku kimepata jibu, na mzee aliyechinjwa kitandani kwake hana mtu hata mmoja katika ripoti nzima. Katika kesi hizo nilikuwa nikimtafuta mtu wa pembeni: aliyekuwa akicheza naye bao, mjukuu aliyemletea chai, muuguzi wa zahanati aliyempima presha. Niliandika mzee alikuwa nani, alipanda miembe mingapi, aliitwaje na watoto wa jirani. Wakili mmoja wa utetezi aliwahi kulalamika kwamba hayo si maoni ya mwathiriwa kisheria. Jaji aliyaacha yabaki.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kumtenga ofisa mmoja katika kila kituo ashughulike na waathiriwa peke yake, ili asiwe yule yule anayeletewa maembe. Nakubaliana nao kwa moyo wote, nami nimefanya kazi katika vituo vyenye maofisa wawili na pikipiki moja, kwa hiyo sitalingoja hilo. Mimi ningeridhika kwa kuanzia na mstari mmoja juu kabisa ya ripoti, kabla ya elimu na dini na mienendo ya mtu yeyote: mwathiriwa amearifiwa tarehe gani, na nani, ana kwa ana au kwa simu, na alitaka nini. Nimewahi kufanya kazi chini ya hakimu aliyeutaka mstari huo hata kabla fomu yoyote haijautaja. Ripoti isiyokuwa nao alikuwa akiirudisha bila kusoma ukurasa wa pili, na mshtakiwa anarudi rumande wiki mbili zaidi, na wakili anakugeuzia macho. Tulimnung'unikia kweli. Ila haukupita muda mrefu, lile gari la ofisi ambalo siku zote lilikuwa gereji likaanza kupatikana.